Ndege Mwenye Kofia na Kiko

Nairobi, 2 Februari 1966

Kwa Eddo Ebla,

Assalamu alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na jirani yako Safiyo na mbuzi wake wote, hata yule anayekula nguo. Mimi sijambo, ila baridi ya huku imenivalisha soksi mbili mbili, na chai yao ni maji yaliyopitiwa na jani. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu nimesikia barua za kwenu husomwa njiani, na isiyosomeka haifiki. Basi tuvumiliane, ingawa najua matusi yako ni matamu zaidi kwa Kisomali.

Nina shida, Eddo. Hapa makumbusho mimi bado kibarua, kazi yangu kupangusa masanduku ya ndege waliokaushwa. Mwisho wa Juni kuna mtihani. Atakayefaulu ataandikwa kazi ya kudumu, na aliyeandikwa huombewa pasi ya kwenda penye ndege, hata Garissa. Unajua hali ilivyo tangu vita hivi vya kwetu kaskazini vianze: bila pasi, mtu wa sura yangu hafiki hata Thika. Miaka miwili sijala chakula cha mkono wako. Ulinilea wewe tangu mama afariki, na sasa tunaonana kwa stempu.

Mtihani wenyewe ni wa ndege wadogo wa rangi ya vumbi. Huja kwetu kukimbia baridi ya Ulaya na Asia, na mwezi wa Machi na Aprili, huko kwao miti inapochipua na sisi tunangojea gu, mvua zetu za masika, hupita Tana wakirudi. Ni aina sita au saba, na wallahi wote wameshonewa nguo kwa fundi mmoja. Mimi ninao waliokufa tu, wamelala chali na pamba machoni. Wewe unao walio hai nyuma ya nyumba yako. Nenda mtoni asubuhi, watazame, uniandikie rangi zao na vituko vyao. Nisipofaulu, sijui tutaonana lini.

Mwanao,
Jelle


Garissa, 9 Machi 1966

Eddo Jelle,

Wa alaykum salaam. Sisi wazima. Safiyo mzima, mbuzi wake wazima, na jana nilimsalimia mmoja wao kwa heshima zote nikidhani ni Safiyo. Usimwandikie habari hiyo. Ngamia wetu wa Balambala sina habari zao, na sitauliza katika karatasi. Mvua bado. Kafyu iko pale pale: saa kumi na mbili jioni kila mtu na kuku wake ndani.

Barua yako ilifika imefungwa vizuri kuliko ulivyoifunga wewe, kwa gundi ya serikali. Nampa salamu Koplo anayeisoma hii kabla yako. Koplo, hujambo? Kwanza aliniita kituoni. Akaniuliza, “Mama, huyu Eddo ni nani? Yeye anakuita Eddo, na kwenye barua yako ya Idi wewe ulimwita Eddo. Nani mkubwa wa kikundi?” Nikamweleza kwamba kwetu shangazi na mtoto wa kaka yake huitana jina moja, kama vile mama humwita mtoto wake mama. Akaandika, akafuta, akaandika tena. Masikini, ana sauti ya kijana mdogo, pengine ndiyo kwanza ametoka kwa mama yake.

Sasa ndege wako. Nilikunywesha maziwa ya ngamia na kukupeleka shule ili uwapanguse vumbi ndege waliokufa? Safiyo nilimwambia wewe ni karani mkubwa. Na ndege huyo haliwi, hafugwi, hata nafaka hali tumfukuze shambani! Lakini kama yeye ndiye atakayekuleta nyumbani, nitakwenda mtoni.

Jambo moja: andika herufi kubwa. Mwandiko wako umekuwa wa sisimizi. Macho yangu hayana neno, wino wenu wa Nairobi ndio mwepesi. Na jingine: mtoto mkubwa wa jirani yetu Naimo, aliyetoka huko, anasema mtihani huo uliufanya pia Disemba. Kweli?

Eddo wako,
Ebla


Nairobi, 25 Machi 1966

KWA EDDO EBLA,

Salaam nyingi, na kwa Koplo pia. Nimefurahi mno kupata barua yako. Herufi nimezikuza kama ulivyotaka, lakini na zako pia zimekua: neno “Balambala” limekula mstari mzima, na mistari inapanda mlima. Je, unaandika ukiwa juu ya punda?

Kuhusu Disemba, mvua zilinyesha sana mwaka huo.

Nimekuchorea picha tatu kwa rangi. Wa kwanza mdogo, kijivu, mwenye tabia ya kushusha mkia, kushusha mkia, kama anayepiga pampu. Wa pili mkubwa, mwenye jicho la njano na michirizi kifuani. Wa tatu mtazame vizuri zaidi kuliko wote, kisha uniambie kama yuko huko mtoni.

Kinachonisumbua ni wa kijivu. Wako wawili wanaofanana kabisa, na mabwana wa mtihani huwalaza kwenye sinia moja kwa makusudi. Hapo ndipo nafsi yangu hunywea. Tafadhali, Eddo, watazame hao.

Mwanao,
Jelle


Garissa, 18 Aprili 1966

Eddo Jelle,

Wa alaykum salaam. Naimo kajifungua mtoto wa kike, mashallah, ana sauti kuliko mwadhini. Mawingu yamekuja yametuangalia yakaenda zake.

Mtoni nimekwenda kila asubuhi kafyu ikiisha. Nimekaa chini ya mti wa mkoma na birika langu, askari wa darajani wananicheka. Ndege wako wamejaa tele kwenye migunga, na sikujua dunia ina kelele namna hii. Yule wa pampu huimba kama mtu anayesaga kahawa: krr-krr-krr, maneno yale yale juu na chini, hachoki, hapumui. Mwenzake anayefanana naye huimba polepole zaidi, kama anafikiri kabla ya kusema, na akirukaruka mkia wake unasikika kwenye majani makavu, frr, frr, kushoto na kulia, kama mwanamke mwenye shali mpya anayetaka aulizwe bei. Huyo mwenye shali simpendi. Kuna mwingine mwizi mtupu, hana wimbo wake: huanza kwa kuiga shorewanda, akaenda kwa mbayuwayu, na juzi akaiga filimbi ya askari wa zamu mpaka askari wawili wakakimbilia bunduki. Niliwaonyesha kichaka, nikawaambia mhalifu yumo humo, mkamateni.

Rangi: wa pampu ana kifua chekundu na mgongo wa kijani. Mwenye shali ni mweupe. Mwizi ni mweusi na buluu kidogo.

Picha zako nimezipenda, una mkono wa sanaa. Wa tatu hasa. Nilimwona jana asubuhi, mfano halisi, hata alivyokaa ni vile vile.

Eddo wako,
Ebla


Nairobi, 4 Mei 1966

KWA EDDO EBLA,

Salaam kwako na hongera kwa Naimo. Mimi sijambo, nimebadilishiwa chumba, jirani wa sasa anapiga kinanda.

Eddo, barua yako imefika na wino mweusi juu ya mistari minne. Koplo amefuta “wamejaa tele kwenye migunga”, na “askari wawili wakakimbilia bunduki”, na maneno mengine niliyoyasoma kwa kuyainua juani. Bwana Koplo, hao ni ndege. Kila mmoja ana uzito wa barua hii, bila bahasha.

Lakini wino wa Koplo si neno. Neno ni rangi zako. Ndege mwenye kifua chekundu na mgongo wa kijani hajaumbwa katika jamii hii. Wote ni vumbi, Eddo! Vumbi jeupe, vumbi jeusi, vumbi la njano! Na wa tatu niliyekuchorea nilimvika kofia ya polisi nikamtia kiko mdomoni, ili ucheke. Umeniambia umemwona mtoni, mfano halisi. Alikuwa anavuta tumbaku gani?

Nilicheka nilipoisoma. Kisha nikaacha kucheka, nikatazama tena herufi zako, sasa kubwa kama za ubao wa duka. Eddo, hukuiona picha. Unaona nini siku hizi? Nijibu kweli. Mtihani umebaki wiki nane, lakini swali langu si la mtihani.

Jelle wako


Garissa, 30 Mei 1966

Eddo Jelle,

Wa alaykum salaam. Utaona mwandiko umebadilika. Nimemwambia Koplo, kwa kuwa kila barua yangu ni lazima aisome, aifikirie, aifute na kuigandisha, ni kazi nne. Akiiandika yeye mwenyewe ni kazi moja. Amekubali. Mimi nasema, yeye anaandika, wewe unasoma, na serikali imepumzika.

(Mimi mwandishi nathibitisha. Nimeambiwa niandike kila neno. Nitaandika kila neno, na mengine.)

Macho yangu ni mazima kabisa.

(Si kweli. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Nikisimama mlangoni ananijua kwa mlio wa viatu. Herufi zako kubwa husogeza juani mpaka pua inagusa karatasi, na tangu Aprili hata hizo hazioni. Barua yako ya mwisho nilimsomea mimi.)

Picha ile nilijua ni mzaha, nikakurudishia mzaha.

(Si kweli. Picha ilisababisha mashaka hapa kituoni. Mkubwa wangu naye ana kofia na kiko. Mama aliitwa kueleza kwa nini mkubwa amechorwa na mabawa. Akasema hajaona kofia yoyote, akaishika picha juu chini. Hapo ndipo tulipojua, mkubwa na mimi. Mkubwa akairudisha. Nadhani aliipenda.)

Mbona unaandika sana Koplo, mimi nimesema maneno machache? Haya. Alinipeleka mtoni mara saba ndege walipokuwa wanamalizika kupita, ati kufanya uchunguzi. Nilimwambia keti, nyamaza, vua viatu hivyo. Mimi nasikia, nanyosha kidole, yeye anatazama. Sasa andika rangi, Koplo.

(Wa pampu: kijivu cha hudhurungi, mkia wa rangi ya mgongo. Mwenye shali: kijivu vile vile, lakini mkia mweusi zaidi kuliko mwili, mrefu, na ncha za pembeni zina weupe. Nisingeutazama mkia kama mama asingesema habari za shali. Siku mbili za kwanza nilisema wote ni shomoro, akanipiga na kifuniko cha birika.)

Umesikia? Basi faulu, urudi nyumbani. Mimi sina shida yoyote.

(Analia kidogo. Anasema ni moshi. Hapa hakuna moto.)

Eddo wako,
Ebla


Nairobi, 11 Julai 1966

Kwa Eddo Ebla, kwa sauti ya Koplo,

Salaam. Koplo, msomee taratibu, na usiruke chochote.

Eddo, nimefaulu! Walilaza kwenye sinia ndege kumi na wawili wa vumbi, lebo zimegeuzwa chini. Nilipofika kwa wale wawili wa kijivu nilianza na vifua, kama Disemba nilipokosea. Nikaacha kutazama vifua, nikatazama mikia. Mmoja alikuwa na mkia mweusi kuliko mwili, ncha nyeupe. Nikasema moyoni, dada, shali yako bei gani? Nikaandika jina lake. Bwana wa mtihani akaniuliza nimejuaje, nikamwambia ni mwenye maringo. Hakuandika hilo.

Nimeandikwa kazi ya kudumu. Safiyo anaweza kuambiwa tena, safari hii ni kweli.

Sasa habari ya pasi. Mwaka huu imetoka moja tu kwa upande wa Garissa. Nilikuwa nimeshanunua begi. Lakini nimewaeleza wakubwa kwamba makumbusho haina mtu wa kutambua ndege hawa kwa sauti, na kwamba mtu huyo yuko, naye ni mwanamke wa heshima, na inabidi aje Nairobi wiki tatu kwa kazi hiyo. Wameniamini, au wamechoka na mimi. Pasi imeandikwa jina lako: Ebla, msikilizaji wa ndege. Utakuja na malori ya msafara mwezi wa Septemba.

Najua mwezi huo ndege hao hawapo. Wakubwa hawajalifikiria hilo, na Koplo nakuomba usilifikirie. Kwa bahati tu, njia ya kutoka kituo cha malori kuja kwangu inapita kwa daktari wa macho. Nimeshaongea naye.

Nilitaka sana kuja. Nataka zaidi unione nitakapokuja.

Jelle wako


Garissa, 20 Agosti 1966

Eddo Jelle,

Wa alaykum salaam, hongera, Mungu akuzidishie. Safiyo nimemwambia mara tatu. Mvua ilikuja mwishowe, mto ukapanda mpaka kwenye mkoma wangu.

Lakini siji. Pasi ni yako, ulisoma usiku na mchana kwa ajili yake, itumie uje wewe. Mimi nimeshaona ya kutosha katika dunia hii, mengine si mazuri. Na sitaki kisu machoni. Siogopi, sitaki tu.

(Anaogopa. Ameniuliza mara nne kama daktari huanza na jicho la kulia au la kushoto.)

Pia nani atamwangalia mbuzi wa Safiyo?

(Mzigo ameshafunga. Birika limo ndani. Nimeulizwa kituoni kama Septemba ni msimu wa ndege hao. Nimejibu kwamba mimi ndiye niliyefanya uchunguzi mtoni, na kwa maoni yangu ndege hawa hawatabiriki. Atapanda lori la tarehe sita, nimemwombea kiti cha mbele.)

Koplo, unaandika nini hapo? Kalamu inakwenda na mimi nimenyamaza.

(Nimemwambia naandika anwani.)

Eddo wako,
Ebla


Garissa, 14 Aprili 1967

Eddo Jelle,

Assalamu alaykum. Huu ni mwandiko wangu mimi, na tazama ulivyo mdogo, sisimizi watuonee wivu. Safiyo mzima. Kumbe amezeeka, maskini, nami nilikuwa namsifia ngozi. Mtoto wa Naimo anatembea. Mbuzi mla nguo nimemtambua kwa uso siku hiyo hiyo niliyorudi, ana macho ya mwizi kama nilivyodhani. Vita havijakwisha, kafyu haijakwisha, na miwani yangu ina vioo vinene kama kitako cha chupa, watoto wa mtaa, bulla nzima, wananifuata nyuma. Sijali.

Koplo nilimwona mlangoni kituoni niliposhuka kwenye lori. Nilimpita nikamuulizia Koplo yuko wapi! Miezi yote ile nilidhani ni kijana, namwita mwanangu, kumbe ana mvi kichwa kizima na wajukuu watatu. Nimempigia magoti ya kuomba radhi, akacheka mpaka akakohoa. Bado anasoma barua zangu. Anasema hii haina haja ya kufuta kitu.

Siku ile ya kufunguliwa bandeji huko kwako sikukwambia jambo. Daktari aliponiuliza ninaona nini, nilisema naona ukuta. Niliuona ukuta, ndiyo, lakini mbele ya ukuta ulikuwepo wewe, umekonda, una ndevu za baba yako, na koti limekosa kifungo. Sikuweza kusema nakuona, maana ningelia mbele ya wauguzi. Basi nasema sasa: nilikuona, Eddo. Kula. Shona kifungo. Na pasi ya mwaka huu iwe ya jina lako, mkoma upo na birika lipo.

Ndege wako wamerudi. Jana asubuhi kafyu ilipoisha nilikwenda mtoni na miwani yangu, na Koplo nyuma yangu bila viatu. Wakajaa migunga yote. Nikasema leo ndiyo leo, nitawaona watu hawa walionihangaisha mwaka mzima. Nikamtazama mmoja mpaka shingo ikauma. Nikamtazama wa pili. Wa tatu. Wa nne.

Mwanangu, hawa ni vumbi! Kwa ajili ya hawa mtu anafanyiwa mtihani? Nimewatazama mpaka jua likawa kali, miwani nimeipangusa mara tatu, na nakuapia sikuweza kumjua hata mmoja. Wote wanafanana.

Nikavua miwani, nikafumba macho, nikawasalimia mmoja mmoja.

Eddo wako,
Ebla